Kufundisha Somo la Mipaka ya Ardhi katika Shule ya Msingi: Mifano kutoka Rasbura, Lindi

Utangulizi

Mwalimu anayepangiwa shule hukabidhiwa darasa, vitabu na chaki. Hakabidhiwi historia ya mashamba na viwanja vinavyoizunguka shule hiyo. Hata hivyo hapiti muda mrefu kabla hajaitambua, kwani historia hiyo huingia darasani pamoja na watoto. Wanafunzi wawili waliozoea kukaa dawati moja huomba kutenganishwa. Mmoja hukataa kufanya kazi ya kikundi na mwenzake. Na mwalimu akidadisi kwa upole huambiwa kuwa wazee wao hawasalimiani kwa sababu ya mkorosho ulio mpakani.

Katika kata ya Rasbura, iliyomo ndani ya Manispaa ya Lindi, na katika pwani yote hadi Kilwa, ardhi ndiyo nyumba, chakula na urithi wa watu. Kwa hiyo ni dhahiri kuwa shule inayofundisha mipaka ya nchi na mabara, na isifundishe mpaka wa shamba, inaacha pengo. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, katika mwongozo wa Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule iwe sehemu ya maisha ya jamii inayoizunguka. Somo la mipaka ni njia mojawapo ya kulitimiza jambo hilo.

Makala haya yanakusudia mambo matatu: kumpa mwalimu mwanafunzi maarifa anayopaswa kuwa nayo kabla ya kuingia darasani, kueleza masomo matatu yanayoweza kufundishwa katika madarasa ya juu ya shule ya msingi, na kutaja tahadhari ambazo mwalimu hana budi kuzishika. Tahadhari hizo tunaziona kuwa na uzito sawa na maarifa yenyewe, kwa maana somo hili likifundishwa ovyo laweza kuwasha moto badala ya kuuzima.

Maana ya maneno

Mwalimu aanze kwa kutenganisha maneno ambayo watu huyachanganya. Kumiliki ardhi si sawa na kuitumia. Mtu aweza kulima shamba aliloazimwa kwa miaka mingi asiwe mwenyewe. Hali kadhalika, katika pwani yetu si ajabu kukuta minazi ni ya huyu na anayelima mihogo chini ya minazi hiyo ni yule. Wote wawili husema "shamba langu", na wote husema kweli kwa kadiri wanavyolielewa neno hilo. Ugomvi huzuka pale mmoja anapotaka kuuza.

Mpaka ni mstari unaotenganisha miliki mbili. Mstari wenyewe hauonekani. Kinachoonekana ni alama zake. Alama hizo twaweza kuzigawa katika aina tatu:

(a) Alama za asili, kama vile korongo, kijito, mwamba au mbuyu.

(b) Alama za kupandwa, kama vile mkonge, mnyaa, mbono au safu ya minazi.

(c) Alama za kupimwa, yaani mawe ya mipaka ambayo watu wengi huyaita bikoni, yaliyowekwa na mpimaji wa ardhi.

Kila aina ina udhaifu wake. Korongo huhama kwa mvua kubwa. Mkonge hutoa machipukizi, na baada ya miaka kadhaa safu moja huwa kichaka ambacho hakuna ajuaye katikati yake ni wapi. Mnazi hufa. Jiwe la mpaka nalo laweza kung'olewa na mwenye nia mbaya, ingawa kufanya hivyo ni kosa la jinai. Lakini jiwe lina faida moja kubwa: vipimo vyake vimehifadhiwa katika ramani ya upimaji, na mpimaji aweza kulirudisha mahali pake hata kama aliyeling'oa amelitupa baharini. Wanafunzi wakilielewa hili watakuwa wameelewa kwa nini wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Historia kwa ufupi

Mwalimu asiyejua historia ya ardhi atashindwa kujibu swali ambalo watoto huuliza kila mara: "Ardhi ni ya nani?" Mwaka 1895 serikali ya Kijerumani ilitangaza kuwa ardhi ya koloni ni mali ya Dola la Ujerumani, isipokuwa pale ambapo watu wangeweza kuthibitisha umiliki wao. Waingereza walitunga Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 iliyoifanya ardhi yote kuwa ya umma chini ya Gavana. Na mwaka 1928 sheria hiyo ilirekebishwa ili kuzitambua haki za wenyeji waliomiliki kwa mila zao.

Mwaka 1958, kabla ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alipinga pendekezo la kuwafanya watu wawe na milki ya ardhi isiyo na kikomo, inayouzwa na kununuliwa kama bidhaa nyingine. Baada ya Uhuru, mwaka 1963, milki za namna hiyo zilizokuwa zimetolewa wakati wa ukoloni ziligeuzwa kuwa za kukodi kutoka Serikalini, na mwaka 1969 zikageuzwa tena kuwa haki ya kutumia ardhi. Tangu wakati huo hadi leo msingi haujabadilika: ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi.

Uhamishaji wa watu katika vijiji kati ya miaka 1973 na 1976 uliacha alama kubwa katika mikoa ya Lindi na Mtwara. Familia nyingi zilihamia mbali na mikorosho yao. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna korosho zipatazo tani 145,000. Baada ya hapo mavuno yalishuka kwa miaka mingi, na kuachwa kwa mashamba ya zamani kulikuwa miongoni mwa sababu. Baadaye baadhi ya watu walirudi katika mashamba yao na kukuta wengine wakilima humo. Mwenye mti alidai kwa mti wake, na mwenye jembe alidai kwa ruhusa aliyopewa na kijiji.

Mwaka 1992 ilitungwa sheria iliyokusudia kuzifuta haki za kimila za zamani katika vijiji vilivyoanzishwa. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Lohay Akonaay na Joseph Lohay dhidi ya Serikali, iliamua kuwa haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Ibara ya 24 ya Katiba, wala haiwezi kuondolewa bila fidia ya haki. Uamuzi huo ni muhimu sana kwa mwalimu, kwa sababu unaonyesha kuwa mkulima asiye na hati yoyote ya karatasi si mtu asiye na haki.

Sheria zilivyo sasa

Baada ya Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995, Bunge lilipitisha Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999. Zilianza kutumika tarehe 1 Mei, 2001. Sheria hizi zinaigawa ardhi katika makundi matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi. Mtoto wa Rasbura anaishi mjini, katika mtaa, juu ya ardhi ya jumla; lakini shamba la babu yake laweza kuwa katika ardhi ya kijiji, ambayo husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji kwa niaba ya wanakijiji. Kwa hiyo familia moja yaweza kuwa chini ya sheria zote mbili, na mwalimu asiyelitambua hili atawapotosha wanafunzi wake.

Mambo manne yafaa yafundishwe kwa lugha nyepesi:

Kwanza, mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawasawa na mwanamume. Mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu mbele ya sheria.

Pili, migogoro ina ngazi zake. Kijijini lipo Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe 7, na wasiopungua 3 kati yao ni wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Katika kata lipo Baraza la Kata. Kabla ya mwaka 2021 baraza hilo liliweza kuamua baadhi ya mashauri ya ardhi. Mabadiliko ya sheria ya mwaka huo yaliliondolea mamlaka ya kuamua na kuliachia kazi ya kusuluhisha katika muda wa siku 30. Usuluhishi ukishindikana, shauri hupelekwa katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kisha Mahakama Kuu, na mwisho Mahakama ya Rufani.

Tatu, madai yana muda wake. Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 inampa mtu miaka 12 ya kudai arudishiwe ardhi yake. Lakini aliyekaribishwa au kuazimwa shamba hageuki kuwa mwenyewe kwa sababu tu amekaa muda mrefu. Mahakama zetu zimelishikilia jambo hili.

Nne, karibu na bahari kuna mpaka mwingine. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda ukanda wa mita 60 kutoka ufukweni usiharibiwe kwa shughuli za watu. Kwa watoto wa pwani mpaka huu si wa kusoma vitabuni tu.

Vyanzo vya ugomvi

Ukiondoa hila, ambayo haikosekani, magomvi mengi ya mipaka huanzia katika mambo ya kawaida: shamba lilipimwa kwa hatua za miguu, mashahidi wamekufa, warithi walirithi pamoja wasigawane, mti ulipandwa juu ya mstari wenyewe. Tena thamani ya ardhi hupanda ghafula. Eneo la Likong'o, katika Manispaa hiyohiyo ya Lindi, lilichaguliwa kwa mradi wa kusindika gesi asilia, na mwaka 2020 wananchi wa huko walilipwa fidia. Mahali ambapo fidia huhesabiwa kwa ukubwa wa ardhi na idadi ya miti, hatua mbili za mpakani ambazo jana hazikuwa neno huwa fedha.

Somo la kwanza: Kutembea mpaka wa shule

Lengo: Mwanafunzi aweze kutambua alama za mpaka na kuzichora katika ramani sahili.

Zana: Kamba ya mita 20 yenye fundo kila baada ya mita moja, vijiti, karatasi, penseli, na dira kama ipo.

Mwalimu apate kwanza ruhusa ya Mwalimu Mkuu na kuupitia mpaka peke yake. Kisha awaongoze wanafunzi kutembea kando ya eneo la shule, wakisimama kila penye alama. Katika kila alama waulizwe maswali matatu: Ni alama ya aina gani? Itakuwapo baada ya miaka 20? Je, mgeni angeitambua? Wakirudi darasani wachore ramani, na vikundi vilinganishe ramani zao. Aghalabu ramani hizo hazitafanana. Mwalimu asiharakishe kusahihisha; tofauti hizo ndizo kiini cha somo, kwani watoto wameona wenyewe jinsi watu wakweli waliotembea njia moja walivyoweza kurudi na mipaka tofauti.

Somo la pili: Hatua sabini

Lengo: Mwanafunzi aweze kukokotoa eneo na kueleza kwa nini kipimo sanifu huzuia ugomvi.

Katika vijiji vingi husemwa kuwa ekari moja ni hatua 70 kwa hatua 70. Ekari halisi ni takriban mita za mraba 4,047. Wanafunzi wapime urefu wa hatua ya kila mmoja kwa kamba, kisha wakokotoe. Mfano:

Mtu mzima wa hatua ya mita 0.9: 70 × 0.9 = mita 63; eneo ni mita za mraba 3,969.

Mtu mrefu wa hatua ya mita 1: mita 70, eneo ni mita za mraba 4,900.

Mtoto wa hatua ya mita 0.6: mita 42, eneo ni mita za mraba 1,764.

Hivyo kati ya watu wazima wawili waliohesabu kwa uaminifu imetokea tofauti ya mita za mraba 931, na "ekari" ya mtoto haifikii hata nusu ya ekari. Hapa mwanafunzi hujifunza jambo la hisabati na jambo la uraia kwa pamoja: si kila anayedai zaidi ni mwongo.

Zoezi la pili lihusu mikorosho. Wataalamu hushauri ipandwe kwa nafasi ya mita 12 kwa mita 12. Wanafunzi wachore shamba la mita 60 kwa mita 60. Mkulima wa kwanza aanze mita 6 kutoka mpakani: atapata safu 5 za miti 5, yaani miti 25. Mkulima wa pili aanze mpakani penyewe: atapata safu 6 za miti 6, yaani miti 36. Kisha wahesabu miti iliyosimama juu ya mpaka. Watakuta ni 20. Mwalimu aulize: "Ile miti 11 ya ziada imepata wapi nafasi?" Wanafunzi watagundua kwamba matawi na mizizi yake imeingia kwa jirani. Kinyume chake, majirani wawili wakiacha kila mmoja mita 6, mita 12 zinazotakiwa zinapatikana, na hakuna anayemdai mwenzake.

Somo la tatu: Mchezo wa kuigiza baraza

Lengo: Mwanafunzi aweze kusikiliza pande mbili na kutofautisha alichokiona mtu, alichokisikia na anachokidhani.

Habari ya mchezo iwe ya kubuni, na wahusika wasipewe majina. Waitwe Jirani wa Mashariki na Jirani wa Magharibi. Mkorosho umeota karibu na mpaka, na korosho zinaanguka pande zote mbili. Wahusika wengine ni mashahidi wawili, bibi mzee aliyekuwapo shamba lilipogawanywa, na wasuluhishi watatu. Mwalimu aweza kuanzisha mazungumzo hivi:

Msuluhishi: Shikamoo, bibi. Tunakuomba utueleze uliyoyaona siku mashamba haya yalipogawanywa.

Bibi: Marahaba, wajukuu zangu. Niliona mkonge ukipandwa kutoka kwenye mwembe ule hadi korongoni.

Msuluhishi: Mkorosho ulikuwapo siku hiyo, bibi?

Bibi: Haukuwapo. Nani aliupanda sikuona. Nilisikia tu.

Mwalimu asimamishe mchezo hapa na kuliuliza darasa: Bibi ameona nini? Amesikia nini? Ni kipi tunachoweza kukitegemea? Baada ya hapo mchezo uendelee hadi majirani wafikie mapatano, na mapatano hayo yaandikwe kwa Kiswahili sanifu, yakitaja tarehe, alama za mpaka na mashahidi. Wasuluhishi wasiruhusiwe kutoa hukumu. Wafahamu kuwa kazi yao ni kuwasaidia majirani wapatane. Kisha mchezo urudiwe, aliyekuwa wa Mashariki awe wa Magharibi. Sehemu hii isiachwe hata kama muda ni mfupi. Mtoto aliyekwisha kulia haki ya upande mmoja hujifunza mengi anapolazimika kuitetea haki ya upande wa pili.

Tahadhari kwa mwalimu

Mosi, ugomvi halisi wa mahali pale usiletwe darasani hata kidogo. Wanafunzi wasichore mipaka ya nyumbani kwao wala wasitumwe kuwahoji wazee wao juu yake. Mzazi aweza kuichukua ramani ya mtoto na kuipeleka barazani kama ushahidi, na hapo mtoto atakuwa amewekwa kati ya wazee wake na majirani.

Pili, mwalimu si hakimu. Kwa kuwa anajua kusoma na kuandika, ataombwa ushauri, barua na hata uamuzi. Anaweza kueleza ngazi za usuluhishi na mahali zilipo ofisi za mtaa, kata na ardhi. Asiseme nani mwenye haki, kwa maana watoto wa pande zote mbili watakuwa mbele yake kesho asubuhi, na kila mmoja ana haki ya kuamini kuwa mwalimu ni wake.

Tatu, mtoto aweza kufunua jambo zito. Katika kufundisha haki za wanawake na urithi, mtoto aliyefiwa na baba huenda akasema kuwa shamba lao limechukuliwa na ndugu. Mwalimu asilijadili mbele ya wenzake. Amsikilize faraghani, amweleze Mwalimu Mkuu, na familia ielekezwe kwa ofisa ustawi wa jamii au kwa watoa msaada wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Kulinyamazia jambo hilo si busara, kwani miaka 12 ya ukomo huenda mbio kuliko anavyokua mtoto.

Nne, mwalimu ajisomee. Sheria hubadilika, kama ilivyokuwa mwaka 2021, na mwalimu anayerudia daftari la chuoni bila kulihakiki aweza kumwelekeza mtu katika mlango uliokwisha kufungwa.

Maswali ya kujadiliana

1. Andika andalio la somo la dakika 40 juu ya alama za mpaka, ukitumia zana zinazopatikana bure katika mazingira ya shule yako.

2. Mzazi amekuja shuleni kukuomba uthibitishe kwa maandishi kuwa mkorosho fulani ni wake. Utamjibu nini, na kwa lugha gani ya heshima?

3. Eleza tofauti kati ya kusuluhisha na kuamua. Utaionyeshaje tofauti hiyo kwa watoto wa Darasa la Tano?

4. Shamba lina mita 84 kwa mita 60. Litachukua mikorosho mingapi kwa nafasi ya mita 12, ikiwa mita 6 zimeachwa kila upande? Eleza namna utakavyomsaidia mwanafunzi aliyejibu 48.